Moyo Unapokimbia Pasipo Kukimbizwa

Wasikilizaji wa Chala, Njukini, Mahoo na Taveta mjini, nanyi mnaotupata huko Mwatate na Voi, leo nataka tuzungumze juu ya moyo, na hasa moyo unaokwenda mbio wakati mwenyewe ameketi tu.

Nianzie upande wa pili wa mlima. Hai ni wilaya ya mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania, kwenye miteremko ya mlima huu huu ambao sisi wa Chala twauona mawingu yakipisha. Huko watafiti waliwapima wazee wa vijijini, watu wa miaka 70 na kuendelea, zaidi ya 2,000. Walitumia mashine ya ECG, ile ya kubandika waya kifuani na kuchora mapigo kwenye karatasi. Walichokuwa wakikitafuta ni aina moja ya mapigo mabaya, pale chemba za juu za moyo zinapoacha kupiga na kuanza kutetemeka ovyo, nazo chemba za chini zikafuata mbio bila mpangilio. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Walioonekana nayo hawakufika hata mmoja katika kila 100. Ulaya na Marekani, ukiwakusanya waliovuka miaka 80, utapata karibu mmoja katika kila 10.

Mtu angesikia hivyo akashukuru Mungu na kuzima redio. Naomba usizime. Utafiti ule ni mzuri na nauheshimu, lakini ECG ya kawaida hutazama moyo kwa sekunde kama 10 tu. Mzee ambaye moyo wake ulimkimbia jana saa mbili za usiku ukatulia saa nne, leo asubuhi karatasi yake itatoka safi. Tena mashine humpima aliye hai. Yule aliyekwisha kupigwa na kiharusi kilichotokana na mapigo hayo akazikwa, hayumo katika hesabu. Yawezekana pia wazee wetu wana kinga ya kweli katika damu na katika maisha ya jembe na miguu, na hilo lingekuwa jambo la kujivunia. Lakini siwezi kuliegemea hilo nikamwambia mama wa Njukini kwamba moyo wake unaoruka si kitu.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa maradhi haya. Huja na kuondoka. Mgonjwa huanza safari akiwa hoi, akapanda bodaboda, akafika hospitalini, akapanga foleni, na anapoitwa ndani moyo umekwisha kutulia. Daktari anaweka kipimo kifuani, anasikia du-du, du-du ya kawaida, presha iko sawa, na mgonjwa anarudishwa nyumbani na vidonge vya tumbo au maneno ya kumtuliza. Mwezi unaofuata ni vivyo hivyo. Baada ya mwaka, hata mumewe na watoto wake wameanza kuamini kwamba mama ana wasiwasi tu. Nawaomba mnaonisikiliza, na naomba kwa moyo wote: mapigo haya yakamateni yangali yanakwenda. Yahesabuni, andikeni saa, na mkiweza, fikeni penye mashine kabla hayajatulia. Matibabu yapo, na mengine huponya kabisa, lakini yanaanza na ushahidi.

Basi tujifunze kuhesabu, sasa hivi, hapo ulipo. Geuza kiganja chako juu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa kidole gumba, chini kidogo ya mkunjo wa kiganja. Usitumie kidole gumba kuhesabia, maana kina mpigo wake na kitakuchanganya. Umeupata? Nitanyamaza nusu dakika, nawe uhesabu.

Haya. Zidisha mara mbili. Mtu mzima aliyetulia hupata kati ya 60 na 100. Mkimbiaji wa mbio ndefu anaweza kuwa na 50 au chini ya hapo, na akawa mzima wa afya. Mtoto mchanga hupiga 120 hadi 160, kwa hiyo usishtuke ukimpima mjukuu. Zaidi ya idadi, sikiliza mwendo. Je, yanafuatana sawasawa, au yanajikwaa, moja mbele moja nyuma, bila utaratibu? Hilo la pili ni muhimu sana, na nitalirudia tukifika kwa akina mama wenye vali mbovu. Na wale wanaotembelewa na wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba ya vifaa na serikali mwaka 2023: ndani ya mkoba mna mashine ya presha. Mashine ile huonyesha namba tatu. Mbili za juu ni presha, na ya chini ni mapigo ya moyo kwa dakika. Wengi hawaitazami. Mwombe mhudumu akuandikie zote tatu, pamoja na saa. Ila mjue kwamba mapigo yakienda ovyo, mashine hiyo hukosea, na vidole vyako huwa vya kutegemewa zaidi.

Si kila moyo unaokwenda mbio una ugonjwa. Juu ya moyo, upande wa kulia, kuna kifundo kidogo cha seli kinachotoa umeme wa kuuanzisha kila mpigo. Watafiti wawili wa Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack, walikieleza mwaka 1907. Mwaka mmoja kabla yao, Mjapani Sunao Tawara alikuwa ameeleza kituo kingine katikati ya moyo, ambapo umeme husimama kidogo ili chemba za juu zimalize kumimina damu kabla za chini hazijabana. Mpigo baada ya mpigo, mara kama 100,000 kwa siku moja, umeme hushuka njia hiyo. Ukilima, ukipanda mlima, ukiogopa, kifundo hukaza mwendo na kisha hulegeza. Ukiwa na homa ya malaria, ukiharisha ukakauka maji, ukipungukiwa na damu baada ya kujifungua, hukaza mwendo na hakilegezi mpaka kilichokisukuma kiondolewe. Mtu mwenye malaria na mapigo 120 anahitaji dawa ya malaria na maji. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hufanya hivyo pia: mapigo ya juu usiku na mchana, mikono inatetemeka, mwili unakonda ilhali chakula kinaliwa, wakati mwingine shingo imevimba. Huyo akipimwa damu ya tezi, jibu hupatikana.

Halafu liko suala la muguka na miraa, na sitalipita kimya, maana nazungumza na watu wa Taita Taveta. Mwezi wa tano mwaka 2024 Mombasa, Kilifi na kaunti yetu zilitangaza kupiga marufuku muguka, wakulima wa Embu wakalalamika, na suala likafika mahakamani. Siasa yake nawaachia wenye siasa. Lakini majani yale yana kathinoni, kitu kinachochochea mwili kwa namna ya dawa kali za kuondoa usingizi. Kinapandisha presha na kinaukaza moyo. Dereva wa lori aliyetoka Mombasa, aliyetafuna tangu Mariakani, akaongeza kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu hapo Voi, na hajalala tangu jana, ameuweka moyo wake mahali pabaya. Kama tayari ana kasoro ndogo asiyoijua, usiku huo ndipo itakapojitokeza. Kijana anayeniambia moyo unamruka, swali langu la kwanza huwa ni hilo, na naliuliza bila kumhukumu.

Sasa tuje kwenye aina inayowasumbua vijana na akina mama wa makamo, nayo ndiyo inayodhaniwa kuwa wasiwasi kuliko zote. Mtu yuko salama. Anainama kuokota kikapu, au ameketi kanisani, na ghafla, kwa mpigo mmoja tu, moyo umeruka kutoka 75 hadi 180. Haupandi polepole. Mapigo ni ya kasi lakini yanafuatana sawasawa. Anaisikia shingo inadunda, kifua kinabana, kichwa chepesi. Baada ya dakika 10, au saa mbili, yanakoma ghafla kama yalivyoanza, na muda mfupi baadaye mgonjwa anakwenda haja ndogo mara nyingi, mkojo mwingi mweupe kama maji. Hilo la mkojo watu huona haya kulitaja, kumbe ni dalili inayomsaidia sana daktari: chemba za juu zikivutwa na mapigo ya kasi, hutoa homoni inayoziamuru figo kumwaga maji. Wasiwasi hupanda na kushuka taratibu. Haya hayafanyi hivyo.

Kinachotokea ni hiki. Pale katikati, umeme unapopaswa kushuka kwa njia moja, baadhi ya watu wamezaliwa na njia mbili. Chukulia pikipiki iliyotoka Njukini kwenda Taveta kwa barabara kubwa, na ilipofika mjini, badala ya kuegesha, ikakuta njia ya mashambani iko wazi, ikarudi nayo hadi Njukini, ikaingia tena barabara kubwa, na hivyo hivyo bila kusimama. Kila mzunguko mmoja ni mpigo mmoja wa moyo. Kifundo cha juu hakina amri tena. Na kwa kuwa ni mzunguko, ukiziba njia mahali pamoja tu kwa sekunde moja, kila kitu kinasimama na moyo unarudi kwa mwenyewe.

Ndiyo maana kuna jambo unaloweza kulifanya hata ukiwa Chala, mbali na sindano. Kujikamua kama mtu anayepuliza kitu kilichoziba huamsha neva ndefu inayoshuka kutoka kichwani hadi kifuani na kupunguza kasi ya kile kituo cha kati. Zamani tuliwaambia wagonjwa wajikamue wakiwa wameketi, na mara nyingi haikufaa. Mwaka 2015 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya njia iliyoboreshwa, waliyoilinganisha na ile ya zamani kwa wagonjwa zaidi ya 400. Mgonjwa anaketi nusu amejilaza, anapuliza kwa nguvu sekunde 15 kwenye sirinji tupu ya mililita 10, kiasi cha kukisogeza kidogo kile kisukumio cha ndani. Mara tu anapomaliza, analazwa chali na mtu mwingine anamwinua miguu yote miwili, kwa sekunde 15 nyingine. Kisha anaketishwa tena. Kwa njia ya zamani walitulia 17 katika kila 100. Kwa hii, 43. Haigharimu chochote ila msaidizi mmoja na sirinji safi isiyo na sindano. Ningependa kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii iifanyie mazoezi siku moja akiwa mzima, ili siku ya siku asiwepo wa kubabaika. Mbinu hii ni ya mtu ambaye amekwisha kuonwa na daktari na akaambiwa mapigo yake ni ya aina hii. Aliye na maumivu ya kifua, anayetaka kuzimia, au mjamzito, asipoteze muda kupuliza. Apelekwe. Na tafadhali, zile desturi za kumfinya mtu macho au kumkanda shingo tuziache. Jicho linaweza kuharibika, na kwa mzee shingo ikikandwa inaweza kuachilia uchafu wa mshipa uende kichwani.

Akifika hospitalini moyo ungali unakimbia, jambo la kwanza ni karatasi ya ECG, kabla ya dawa, isipokuwa hali ni mbaya sana. Mwombeni daktari nakala. Mwaka mzima wa maelezo haushindi karatasi hiyo moja. Kisha kuna sindano ya adenosini, inayopigwa haraka kwenye mshipa mkubwa wa mkono na kufuatishiwa maji. Inafunga kile kituo cha kati kwa sekunde chache tu. Mgonjwa aambiwe mapema, maana sekunde hizo ni za kutisha: kifua kinabana, uso unawaka, mtu anahisi kama anakata roho. Halafu inapita, na mara nyingi moyo umerudi. Mgonjwa ambaye presha imeshuka na fahamu zinamtoka hupigwa mshtuko wa umeme uliopimwa, akiwa amelazwa usingizi kwanza kama nafasi ipo. Bernard Lown wa Marekani ndiye aliyeueneza ufundi huo wa kuulenga mshtuko katika nafasi salama ya mpigo, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Baadaye huja vidonge vya kupunguza kasi, kama atenololi, bisoprololi au verapamili. Hivi husaidia kwa kadiri vinavyomezwa. Mwenye pumu amwambie daktari kabla hajapewa atenololi, kwa maana inaweza kumbana pumzi. Na msiazimane vidonge vya moyo kama mnavyoazimana vya kichwa. Nitaeleza kwa nini. Mwaka 1930 madaktari watatu, Wolff, Parkinson na White, walieleza vijana wazima waliokuwa wakikimbiwa na moyo. Hao wana uzi wa ziada wa nyama unaounganisha chemba za juu na za chini, nje kabisa ya kituo cha kati. Uzi huo huacha alama kwenye ECG hata moyo ukiwa umetulia, na ndiyo sababu nasema nenda ukapimwe hata kama umechelewa. Mtu wa aina hii chemba zake za juu zikianza kutetemeka, digoksini au verapamili ya jirani inaweza kuusukuma umeme wote upite kwenye uzi ule, na chemba za chini zikashindwa kuhimili. Dawa iliyomponya shangazi yako inaweza kukuua wewe.

Na kuna kupona kabisa. Waya mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, hutafuta ile njia ya ziada, na kuichoma kwa joto sehemu ndogo sana. Melvin Scheinman huko San Francisco alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa waya mwaka 1981, akitumia mshtuko wa umeme. Miaka michache baadaye joto la mawimbi ya redio lilichukua nafasi hiyo, kwa kuwa ni salama zaidi. Katika mzunguko wa njia mbili niliouelezea, zaidi ya 9 katika kila 10 hupona na kuacha vidonge. Hatari ipo, nayo ni haki yako kuijua: kwa wachache kile kituo cha kati hudhurika, wakahitaji betri ya kuusaidia moyo maisha yao yote. Tiba hii inapatikana Nairobi, na Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Gharama yake bado ni kubwa kwa mkulima wa ndizi. Lakini msichana wa miaka 22 aliyekatazwa kazi, aliyeachwa na mchumba kwa sababu ya ugonjwa usiojulikana, ana haki ya kuambiwa kwamba tiba ipo, aamue na familia yake.

Sasa lile la mapigo yanayokwenda ovyo. Nilisema kwa wazee wa Hai ni machache. Lakini kwa sisi Waafrika ugonjwa huu una sura nyingine, nayo ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 3,300 wenye vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, wa nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwamo, pamoja na India na Yemen. Nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini ya hapo. Wanawake walikuwa wawili katika kila watatu. Na zaidi ya mmoja katika kila watano tayari alikuwa na mapigo haya ya ovyo. Ng'ambo ni ugonjwa wa mababu. Huku kwetu unampata mama anayenyonyesha.

Vali ya kushoto ikisinyaa, damu hukwama nyuma yake, chemba ya juu hutanuka kama mfuko na mwishowe umeme wake huvurugika. Chemba isiyobana huacha damu itulie, na damu iliyotulia huganda. Bonge moja likichomoka, likapanda kichwani, ndicho kiharusi: mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki. Kwa hiyo matibabu hapa ni mawili. La kwanza ni kupunguza kasi, na hapo digoksini bado ina kazi, dawa iliyotokana na jamii ya mmea ambao tabibu Mwingereza William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785. La pili, ambalo ni kubwa kuliko hilo, ni kuzuia damu isigande. Kwa mwenye vali iliyosinyaa, dawa ni warfarini. Zipo dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu kila mara, na nilitamani sana ziwafae wagonjwa wetu walio mbali. Lakini mwaka 2022 utafiti wa watu zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa vali hizi, waliotumia dawa za zamani aina ya warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa ile mpya iliyojaribiwa. Aspirini peke yake haitoshi.

Warfarini ni dawa ya kuiheshimu. Ikizidi, unatoka damu. Ikipungua, inaganda. Damu hupimwa kipimo kiitwacho INR, na kwa wengi hutakiwa kikae kati ya 2 na 3. Mchicha, sukuma wiki na mnavu vina vitamini inayoipinga, lakini msiache mboga, jamani. Kuleni kiasi kilekile wiki kwa wiki, na daktari atapanga dozi kulingana na sahani yenu. Anayekula kimanga na mchicha kila siku aendelee. Shida ni kufunga mwezi mzima kisha kula kikapu kizima siku mbili. Dawa za mitishamba na za maumivu mzitaje zote. Na wewe uliye na miaka ya kuzaa, usikate dawa ghafla na usishike mimba bila kuzungumza na daktari, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto katika miezi ya mwanzo, na kuiacha bila mbadala kunaweza kukuua wewe.

Aina ya mwisho nitaipitia kwa haraka, si kwa kuwa ni ndogo, ila kwa kuwa haitoi muda. Ni pale kasi inapoanzia katika chemba za chini zenyewe, mara nyingi kwenye moyo wenye kovu, au uliotanuka baada ya uzazi, na wakati mwingine kwa kasoro ya kuzaliwa. Ikigeuka kuwa mtetemeko, damu haisukumwi tena na mtu anaanguka. Wapenzi wa kandanda mnamkumbuka Fabrice Muamba, kijana mzaliwa wa Kinshasa aliyeichezea Bolton. Tarehe 17 Machi 2012 alianguka uwanjani dhidi ya Tottenham, moyo ukakaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na leo yu hai. Wale waliomkimbilia walianza kumbana kifua mara moja na hawakuacha. Ukimwona mtu kaanguka, hajibu, wala hapumui ipasavyo, weka viganja viwili katikati ya kifua, bana kwa nguvu, sentimita 5 hivi kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mpokezane. Mtu ambaye ameanguka kisha akazinduka mwenyewe huku moyo ukimkimbia, huyo asilale nyumbani usiku huo.

Sasa, tupeleke wapi? Kutoka Chala ya kwanza ni hospitali ya kaunti ndogo ya Taveta. Zaidi ya hapo kuna hospitali ya Moi ya Voi, zaidi ya kilomita 100 kupitia kando ya Tsavo, na Mombasa kwa wale wanaohitaji bingwa. Na tuseme ukweli tunaoujua sote: Moshi iko karibu kuliko Voi. Wapo wanaovuka Holili kwenda KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, na wanahudumiwa. Ila bima ya nyumbani usidhani itavuka nawe. Uliza kabla ya kupanda gari, na rudi na karatasi zako zote ili daktari wa Taveta asianze upya.

Kwa wakubwa wa afya kaunti nina ombi moja, na nalirudia hewani makusudi. Wekeni mashine ya ECG karibu na watu wa Chala, na muuguzi aliyefundishwa kubandika waya wake. Si lazima awe bingwa wa kuisoma. Picha ya karatasi ile hufika Voi au Mombasa kwa simu ndani ya dakika moja, wakati mgonjwa mwenyewe angehitaji nusu siku, na moyo wake ungekuwa umetulia njiani. Mpaka hapo, daftari lako la shule linatosha kuanzia: tarehe, saa yalipoanza, ulikuwa ukifanya nini, ulihesabu ngapi kwa dakika, sawasawa au ovyo, yaliisha ghafla au taratibu. Mwenye simu ajirekodi video ya kidole kikigonga meza kwa kufuata mpigo. Daktari makini ataishukuru.

Na mama mwenye mtoto wa miaka 5 hadi 15 anayelalamika koo, ana homa, na hana mafua wala kikohozi, usimpe maji ya chumvi tu ukangoja. Homa ya baridi yabisi huanzia hapo, kwa kijidudu cha koo ambacho penisilini inakimaliza: vidonge siku 10 zote, hata kama koo limepona siku ya tatu, au sindano moja ya kina. Kama wiki mbili tatu baadaye viungo vinamvimba, leo goti kesho kifundo cha mguu, mpeleke siku hiyo hiyo, mwambie daktari kwamba koo lilitangulia, na uombe moyo wake usikilizwe. Aliyekwisha kuupata ugonjwa huo anadungwa penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka, hata akijisikia mzima. Kama mwanao yuko katika ratiba hiyo na amekosa mwezi huu, siku ya kwenda ni kesho asubuhi.